Aliyeinua Gari Lake Inchi Tatu na Nusu

Habari za kifo chake zilinifikia Jumatatu asubuhi hapa Arusha, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, natafuta la kuandika katika safu hii. Aliyenipigia simu ni fundi pancha mmoja wa Karatu, ambaye alikuwa na namba yangu kwa miaka na hakuwahi kuitumia hata siku moja. Alisema, "Mwalimu, yule mzee wako amefariki. Amekutwa ameketi kwenye kiti chake, utadhani amesinzia. Keshokutwa asubuhi tunamuaga, ndugu zake wanamchukua kwenda kumzika kwao Machame." Nikamuuliza alikuwa anaumwa nini. Fundi akajibu, "Hatujui, Mwalimu. Hakuna aliyejua kama anaumwa." Nilimshukuru, nikakata simu, chai ikapoa mbele yangu. Neno lililonikaa moyoni lilikuwa lile alilolitamka bila kulifikiria: yule mzee wako. Kwa hesabu ya watu wa Karatu, marehemu alikuwa mtu wangu. Na mimi nilikuwa sijamtia machoni kwa miaka minne.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kuhamia mjini niliwahi kufundisha sekondari Karatu, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati lami ilikuwa bado haijafika na kila mtu, mwenye nacho na asiye nacho, alikuwa na rangi moja ya vumbi jekundu. Nilipanga chumba katika nyumba ya wapangaji wanne wenye ua mmoja, na marehemu alikuwa chumba cha pili kutoka changu. Alikuwa dereva wa kampuni ya watalii, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mpole, Mchaga aliyekuja Karatu kutafuta maisha kama walivyokuja wengi. Asubuhi na mapema aliwapeleka wageni Ngorongoro, akashuka nao kreta. Jioni alirudi, akaoga, akapika ugali wake mwenyewe na kuula peke yake mlangoni. Mke hatukumwona. Mtoto hatukumwona. Faru wa kreta aliwajua mmoja mmoja, lakini sisi majirani zake alitusalimu na kupita.

Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo, nacho kilikuwa gari lake mwenyewe. Lilikuwa gari kuukuu lililowahi kutumikia misheni, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, bodi yake ya bati imebonyea kila upande. Muda mwingi lilisimama uani juu ya matofali, na kila siku yake ya mapumziko alikuwa chini yake. Alitaka kuliinua. Ukikosea ukamuuliza ataliinuaje, Jumapili yako imekwisha. Ndiye aliyenifundisha kwamba tairi likizidi inchi tatu, gari linapanda inchi moja na nusu tu, maana nusu ya nyongeza inabaki juu ya ekseli. Kwamba inchi mbili nyingine lazima zitafutwe kwenye springi, kwa kuongeza majani yake ya chuma. Kwamba tairi kubwa linautia usukani uzito, linaidanganya spidomita, linaichosha gia ya kwanza, linazipa breki kazi kuliko uwezo wake, na mwisho wa yote litavunja ekseli. "Siyo labda, Mwalimu," alikuwa akisema. "Litaivunja. Kwa hiyo unapanga kabla haijavunjika." Mipango yote aliichora kwa penseli katika daftari la shule. Na ukutani mwa stoo, ubavuni mwa gari, alichora mistari mitatu ya chaki. Wa chini ulionyesha feni ya injini ilipo kwa sasa. Wa juu ulionyesha itakapokuwa gari likishainuliwa. Katikati ulikuwepo mmoja mfupi, ambao aliuchora upya kila mvua ilipoufuta. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, na huu wa katikati?" Akajibu, "Huo ni wa kupitwa," akarudi chini ya gari.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na gazeti moja lilikuwa limeanza kunipa nafasi ya kuandika kila wiki. Kijana aliyepewa nafasi ya kuchekesha watu hana adui mkubwa kama wiki isiyo na kichekesho. Ikafika wiki ya namna hiyo, nikamwandika jirani yangu. Jina sikulitaja, kama ambavyo sitaji jina la mtu hadi leo, lakini Karatu ya siku zile ilikuwa ndogo, na magari yaliyokaa juu ya matofali yalijulikana yote. Niliandika habari za mwanamume aliyeoa gari. Nilisema analipima kiuno kila Jumapili. Kwamba anataka kulivisha viatu vya raizoni, yaani tairi za inchi thelathini na tano, ili lipendeze kuliko magari ya wenzake. Na kwa kuwa nilitaka kumalizia kwa kicheko, niliandika kwamba haishangazi nyumba ile haina mke, maana ni mwanamke gani atakubali kuwa mke mwenza wa bati?

Watu walicheka. Mgahawani waliisoma kwa sauti, na madereva wenzake wakambatiza Bwana Tairi, jina likamganda. Siku ya tatu alinijia mlangoni na gazeti mkononi, amelikunja vizuri. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kujitetea. Akasema, "Mwalimu, umeandika vizuri. Kiswahili chako kizuri. Ila saizi umekosea. Nilikuambia thelathini na tatu. Ya thelathini na tano itakwangua madigadi ukikata kona."

"Samahani, Mzee," nikamwambia.

"Ni kosa dogo. Ila watu wakisoma watafikiri sijui."

Akanirudishia gazeti, akaenda kuwasha jiko lake. Nakumbuka nilifurahi. Nilidhani nimesalimika.

Masika yaliyofuata yalikuja kwa nguvu. Malori ya ngano ya Mbulumbulu yalikwama, shule tukapunguza siku za masomo, na barabara ya kuteremka Baray ikawa ya watu wa miguu. Majuma mawili kabla ya hapo tairi zilikuwa zimefika, naye akazifunga kwa mikono yake. Springi zilikuwa tayari zimeongezwa majani. Gari lilisimama pale uani juu ya miguu mirefu, kama ndama aliyezaliwa asubuhi ile, naye akalizunguka na daftari lake akisema breki bado hazijamridhisha, na kwamba hatalitoa mpaka zimridhishe.

Jumamosi moja, kama saa tatu asubuhi, aliingia uani mama mmoja Mwiraqw aliyekuwa akituuzia vitunguu, viatu mkononi, tope hadi magotini. Binti yake, kule Baray, alikuwa katika uchungu tangu juzi yake na mtoto hatoki. Mkunga alikuwa amesema mambo haya yamemshinda, apelekwe hospitali. Mama yule alikuwa amevuka korongo kwa miguu usiku, kabla maji hayajapanda, kisha akazunguka kwa wenye magari wote. "Wote wananiambia korongo limejaa," alisema, akimtazama jirani yangu. "Baba, nimesikia watu wanamtaja Bwana Tairi. Wanasema gari lako ni refu. Nisaidie."

Hivyo jina la mzaha nililompa mimi ndilo lililomleta mama yule. Marehemu alilitazama gari kwa muda. "Breki hazijawa tayari," alisema, kama anayezungumza na nafsi yake. Kisha akasema, "Nipe nusu saa, mama." Akanigeukia mimi. "Mwalimu, unajua kuogelea?"

"Hapana, Mzee."

"Vizuri. Utayaogopa maji, hutajifanya shujaa. Vaa kaptula, twende."

Tuliteremka taratibu, mama amekaa nyuma, dereva wetu akipiga breki mara tatu pale ambapo gari jingine lingehitaji mara moja. Mchana tulifika korongoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakokota matawi, na ng'ambo watu walikuwa wamesimama kututazama. Alizima injini, akashuka, akasimama ukingoni muda mrefu. Nilidhani anapima kina. Nikaenda kusimama karibu naye, ndipo aliposema, bila kunigeukia, "Hapa ndipo alipofia mke wangu."

Akaendelea kwa sauti ileile aliyotumia kunieleza habari za springi. Mkewe alikuwa muuguzi wa zahanati, ng'ambo ya korongo. Malaria ilimpanda kichwani wakati wa masika kama yale. Yeye aliazima gari kama hili hili, akavuka asubuhi maji yakiwa magotini, akamchukua. Walipokuwa wanarudi alasiri maji yalikuwa yamepanda. Katikati ya korongo feni ikagusa maji, ikayarusha kwenye plagi, injini ikazima. Akampandisha mkewe juu ya paa la gari, akapanda naye, akamshika. "Aliniuliza mara mbili kama tumefika," alisema. "Mara ya kwanza nikamwambia bado. Mara ya pili nikamdanganya, nikamwambia tumefika." Akafuta uso kwa kiganja. "Inchi mbili, Mwalimu. Maji yaliizidi feni inchi mbili tu."

Ndipo nilipouelewa mstari wa katikati. Na ndipo sentensi yangu ya mwisho, ile ya mke na bati, iliponirudia neno kwa neno, nami nikiwa nimesimama na kaptula mbele ya maji yale. Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa amekwisha fungua boneti. "Shika turubai huku," aliniambia, "funga kamba kwenye bampa." Tukafunika uso wa gari ili maji yasiingie kwa nguvu. Akafungua mkanda wa feni, akautoa kabisa, ili feni isizunguke tukiwa majini. Halafu akanipa fimbo, akaniambia nitangulie kwa miguu.

Maji yalinifika kiunoni. Nilichoma fimbo mbele, nikapiga hatua, nikachoma tena. Nyuma yangu gari lilikuja kwa gia nzito, haliharakishi wala halisimami. Kila nilipogeuka alinipigia kelele, "Usinitazame mimi! Tazama fimbo!" Tukavuka. Ng'ambo tulimkuta binti tayari, wanaume wanne walikuwa wamembeba kwa kitanda hadi ukingoni. Tukampakia, mama yake akampakata kichwa, wanaume wawili wakapanda kutusaidia, tukageuza palepale.

Mara ya pili maji yalikuwa yameongezeka. Nilikuwa mbele na fimbo yangu niliposikia injini ikikohoa, mara moja, katikati kabisa. Nikaganda. Ndani ya gari binti alikuwa anauliza kitu kwa Kiiraqw, ndipo niliposikia sauti ya yule dereva, kubwa, sijawahi kuisikia hivyo kabla wala baada: "Bado hatujafika, mwanangu! Tukifika nitakuambia!" Injini ikashika tena. Nilikwenda mbele nikilia, na sikujali, maana uso wote ulikuwa maji.

Mlimani, baada ya kurudisha mkanda wa feni, ekseli ya nyuma ilikatika kwa mlio kama wa bunduki. Alitabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu siku ile. "Hiyo niliipanga," alisema. Magurudumu ya mbele yalikuwa bado yanavuta, lakini yaliteleza kwenye tope kwa kukosa uzito, akatuamuru wanaume watatu tukae juu ya boneti. Hivyo ndivyo tulivyopanda hadi Karatu, mwalimu wa sekondari na wakulima wawili wa vitunguu tumekaa juu ya injini ya moto, mvua inatupiga, gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kabla ya saa kumi na mbili jioni tulikuwa mlangoni pa hospitali.

Yeye hakuingia. Mimi na mama tulisubiri kwenye benchi mpaka muuguzi alipotoka na kusema wote wawili wazima, mtoto ni wa kike. Nilikimbia nje kumpa habari. Nilikuta miguu tu, mwili wote uko chini ya gari. "Mzee, wazima! Wote wawili! Mtoto wa kike!" Mkono ukatokeza chini ya gari. "Nipe spana ya kumi na tisa." Nilimpa, lakini vidole vyake vikashindwa kuishika, ikabidi nivikunje mimi mwenyewe, kimoja kimoja.

Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. "Mzee, lile nililoandika juu ya mkeo..." Akanikatiza. "Hukujua." Nikamwambia nitaandika upya, nieleze ukweli wote, watu wajue. Akatikisa kichwa. "Usiandike, Mwalimu. Sasa hivi wananicheka, lakini nakaa nao. Ukiwaambia watanihurumia. Mtu wa kuhurumiwa hakai na watu, wanamtazama tu." Nikamtii. Nimemtii miaka yote hii, na leo nimevunja neno lake kwa sababu amefika mahali ambapo huruma yetu haiwezi tena kumsumbua. Kama nimekosea, ni kosa langu la pili kwake kwa kalamu hii hii.

Miaka michache baadaye lami ilifika Karatu ikapita hadi lango la Ngorongoro, na mambo yakageuka haraka. Nyumba za wageni ziliota kama uyoga. Magari ya watalii yakawa mapya, madereva wakawa vijana wenye vyeti na lugha tatu za Ulaya. Korongo lile likawekewa kivuko cha zege, na basi dogo sasa linapita pale hata masika. Ni jambo jema, na ninayeandika haya nilifurahi kama wengine. Lakini barabara inapotengenezwa hakuna anayekwenda kumuuliza yule aliyepita kabla yake kwamba sasa atafanya nini. Marehemu alikuwa ametumia miaka saba ya maisha yake kutafuta inchi tatu na nusu. Alizipata, zikatumika siku moja, kisha dunia ikamwambia hazihitajiki tena. Kampuni ikamstaafisha kwa sababu ya macho. Alibaki Karatu, katika chumba kilekile, wapangaji wengine wakihama na kuingia wapya ambao walimjua kwa jina la utani tu, bila kujua hata lilianzia wapi.

Mimi nilikuwa nimehamia Arusha. Kila Krismasi alinipigia simu. "Mwalimu, lini unakuja? Nimebadilisha springi tena." Nami nikajibu, "Nakuja, Mzee, kazi zikipungua tu." Kazi hazijawahi kupungua. Miaka minne iliyopita nilipita Karatu na wageni wa ofisi, tunakwenda kreta, na nikamwona. Alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi nje ya kibanda cha fundi pancha, mikono juu ya magoti, anatazama magari yanavyopita juu ya lami. Dereva wetu alisema tukisimama tutachelewa lango. Sikumbishia. Niliinua mkono nyuma ya kioo cheusi, kioo ambacho aliye nje haoni ndani.

Jumatano nilikwenda kumuaga. Tulikuwa watu kumi na watano, labda kumi na sita, na nusu yao walikuwa ndugu waliotoka Machame na gari la kumchukulia. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Kaka yake alisoma historia ya marehemu kutoka kwenye karatasi: kuzaliwa, kubatizwa, shule, udereva, ndoa, kufiwa na mke, aliyekuwa muuguzi Baray. Dereva mmoja mstaafu, aliyefanya naye kazi kwa miaka zaidi ya kumi, aliniinamia sikioni. "Kumbe alikuwa na mke?" Nikamjibu, ndiyo, alikuwa naye. Baadaye niliuliza kama yule mama wa vitunguu na binti yake wameambiwa. Hakuna aliyekuwa anajua ninawazungumzia akina nani. Kazi hiyo nimeichukua mimi, nitakwenda Jumamosi, ingawa nitawafikishia habari za mtu ambaye amekwisha zikwa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tunaurudia msemo huo kana kwamba unatupa ruhusa ya kutojua. Tunapanga vyumba ukuta kwa ukuta. Tunajua jirani anapika nini kwa harufu, anarudi saa ngapi kwa mlio wa kufuli, na yale tusiyoyajua tunayajaza kwa kicheko, maana kicheko hakituchukulii muda. Mimi niliishi ua mmoja na mtu yule miaka mitatu. Nilimuuliza habari za tairi mara mia. Sikumuuliza hata siku moja, "Mzee, kwa nini unakula peke yako?" Nawasihi wasomaji wangu: ukimwona mtu ameshikilia jambo moja mpaka linachekesha, usianze kwa kucheka. Muulize, kisha kaa, usikilize jibu mpaka liishe, hata kama kazi zinakungoja. Muulize angali na mdomo wa kukujibu. Siku ya kumuaga, anayejibu kwa niaba yake ni kaka mtu, akisoma kwenye karatasi.